Taa zako zikuonyeshe njia, zisimpofushe mwenzako

Lori linalobeba mzigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali huingia Rwanda kupitia Rusumo. Tangu Aprili 2016, daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilipozinduliwa, dereva humaliza karatasi zake mahali pamoja, na huvuka Mto Kagera, ambao Wanyarwanda huuita Akagera. Akishavuka, barabara humbadilikia. Alikuwa akiendesha kushoto, sasa anaendesha kulia. Mikono na macho yake huzoea upesi, lakini taa zake za mbele hazizoei. Zilitengenezwa kumulika ukingo wa kushoto wa barabara. Usiku huo, katika kona za Kirehe, mwanga uliokusudiwa kumuonyesha mtembea kwa miguu pembeni mwa njia unaingia moja kwa moja machoni mwa dereva anayekuja.

Tumeanza na lori hilo kwa sababu linabeba ndani yake suala zima la taa za magari katika eneo letu. Yeyote anayesafiri usiku kati ya Mombasa na Malaba, kati ya Morogoro na Singida, au kati ya Masaka na Mbarara, amewahi kusikia malalamiko mawili. Mwenye gari la taa za kawaida za halojeni analalamika kwamba haoni. Anayekutana na gari lililofungwa taa nyeupe kali analalamika kwamba amepofushwa. Mara nyingi mlalamikaji ni yule yule. Leo analalamika haoni, kesho anapeleka gari gereji kubadilishiwa globu, na keshokutwa yeye ndiye anayelalamikiwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Gazeti hili halimlaumu mtu anayetaka kuona vizuri zaidi usiku. Haja hiyo ni ya kweli na inaongezeka. Hapa tulipo karibu na ikweta, giza hudumu takriban saa 12 kila siku, mwaka mzima. Biashara ya nchi zetu haisubiri mapambazuko. Malori hutembea usiku, na Tanzania iliyazuia mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku kwa miaka mingi hadi mwaka 2023 ilipoyaruhusu kusafiri saa 24. Sehemu kubwa ya barabara hizo haina taa hata moja. Mkulima anarudi na baiskeli isiyo na kiakisi mwanga, ng'ombe wamelala kwenye lami yenye joto, na lori lililoharibika limeachwa njiani likiwa na matawi ya miti tu kama onyo.

Tuangalie hesabu. Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968 unataka mwanga wa dimu umulike angalau mita 40 mbele ya gari, na wa fulu angalau mita 100. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki, amekwisha kutumia mita 33. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine kama 35 kulisimamisha gari. Jumla ni karibu mita 70. Kwa maneno mengine, anayekwenda kasi hiyo kwa dimu inayofika mita 40 anaendesha gari kwa imani. Atakachokiona barabarani, atakigonga kwanza ndipo asimame.

Kwa hiyo mwanga zaidi unahitajika. Swali ni namna ya kuupata, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Globu ya halojeni, au balbu kama wanavyoiita wasomaji wetu wa Kenya, ilianza kutumika kwenye taa za mbele za magari huko Ulaya mwaka 1962. Ndani yake mna uzi wa tungsteni unaowaka katika gesi yenye iodini au bromini. Ile tunayoikuta katika magari mengi madogo yaliyotumika, inayoitwa H4, ina nyuzi mbili: mmoja wa fulu wenye wati 60, mwingine wa dimu wenye wati 55. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya bakuli la taa, kwa sababu mwanga ukigonga hapo utaruka juu, machoni mwa watu. Bakuli lote limechongwa kwa kukadiria mahali hasa uzi ulipo, kwa kipimo cha milimita. Globu na bakuli ni kama kinu na mchi. Kila kimoja kimetengenezwa kwa ajili ya mwenzake.

Sasa fundi anatoa globu hiyo na kupachika ya LED iliyonunuliwa dukani bila jina wala alama, au seti ya zenoni. Mwenye gari akiwasha mbele ya ukuta wa gereji anafurahi, maana ukuta umekuwa mweupe kama mchana. Hajui kwamba chanzo cha mwanga hakiko tena pale bakuli lilipokitarajia. Mwanga unatawanyika. Sehemu yake inamwagika mita chache mbele ya bampa, ambako hauna msaada kwa anayekwenda kasi, na unayafanya macho yake yazoee weupe wa karibu yasione giza la mbali. Sehemu nyingine inapanda juu na kumpiga anayekuja. Mwenye gari anaona nyeupe zaidi, anadhani anaona mbali zaidi. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Anayepigwa na mwanga huo hapati nafasi ya kujadili. Macho yake yakihitaji sekunde tatu tu kurudi katika hali yake, na yuko katika kilomita 80 kwa saa, atakuwa amekwenda zaidi ya mita 60 bila kuona. Katika mita hizo anaweza kuwamo mtoto, bodaboda, au lile lori lenye matawi. Na akihama njia yake kwa kutoona, wa kwanza kugongana naye ni yule yule aliyempofusha. Taa aliyoinunua kwa ajili ya usalama wake ndiyo itakayomletea gari la mwenzake kifuani.

Kuna makosa mengine mawili yanayouzwa kama maendeleo. La kwanza ni globu ya halojeni iliyopakwa rangi ya bluu. Rangi hiyo ni chujio. Inazuia sehemu ya mwanga usitoke. Gari linaonekana la kisasa, dereva anaona kidogo kuliko jana. La pili ni globu ya wati 100 katika gari lililofungwa waya za wati 55. Mkondo unapanda kutoka ampea zisizofika tano hadi zaidi ya nane kwa kila taa. Waya zinapata moto, soketi inayeyuka, swichi inaungua, na safari inaishia gizani kabisa au katika moshi.

Njia sahihi ipo, na hatua zake za kwanza ni za bei nafuu. Tunasisitiza mpangilio wake kwa sababu wengi huanza na hatua ya mwisho.

Kwanza, safisha kioo cha taa. Katika magari ya sasa si kioo, ni plastiki, na jua letu huifanya iwe ya njano na yenye ukungu. Globu mpya nyuma ya plastiki iliyofifia ni kama kununua miwani mipya na kuivaa juu ya kitambaa. Fundi wa rangi anaweza kuisugua kwa msasa wa maji, kuanzia mkavu kiasi hadi laini kabisa, kisha akaing'arisha na kuipaka vanishi ya kuzuia miale ya jua. Dawa ya meno inayosifiwa mitaani hung'arisha kwa siku chache. Bila vanishi unjano hurudi.

Pili, pima umeme unaofika kwenye globu, si ule wa kwenye betri. Gari likizeeka, viungo vya waya hushika kutu, hasa ule unaounganisha taa na bodi. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa halojeni hupungua kwa takriban asilimia 30. Dereva anadhani gari lake lina taa dhaifu kumbe lina waya dhaifu. Fundi umeme mwenye kipimo cha volti ataligundua hilo kwa dakika chache. Dawa yake ni kusafisha viungo, au kufunga rilei na waya nene inayochukua umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Malori hutumia volti 24, lakini kanuni ni ile ile.

Tatu, rekebisha mwelekeo. Jaza upepo wa kutosha kwenye matairi, weka gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, dereva akiwa amekaa ndani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini na ukiweke alama ukutani. Ukiwasha dimu, ukingo wa juu wa mwanga unapaswa kuwa takriban sentimita 10 chini ya alama hiyo. Kama nafasi ni mita tano, ni sentimita tano. Baadhi ya magari yameandikwa kiwango chake karibu na taa, na hicho ndicho cha kufuata. Taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini, ikielekezwa hivyo, hugusa barabara mita 70 mbele. Ikiinamishwa mara mbili ya hapo, inagusa mita 35 tu. Ikiinuliwa kidogo hadi kuwa sawa na ardhi, haigusi barabara popote. Inagusa macho ya watu. Skrubu moja iliyozungushwa vibaya inatosha kumfanya mmoja asione na mwingine apofuke.

Wenye magari ya mizigo na wanaojaza buti wakumbuke pia kwamba nyuma ikilemewa, mbele huinuka. Magari mengi yana swichi ndogo ya kuzungusha karibu na usukani, yenye namba kuanzia 0, kwa ajili ya kuishusha taa gari linapobeba mzigo. Ni wachache wanaojua kazi yake.

Nne, badilisha globu zote mbili kwa pamoja. Uzi wa halojeni huchakaa na mwanga wake hupungua kabla haujakatika. Nunua ya wati zile zile, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, na usiiguse sehemu ya kioo kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huipunguzia maisha. Zipo halojeni zilizoboreshwa zinazotupa mwanga mbali zaidi kwa wati hizo hizo, ingawa nyingi huungua mapema zaidi.

Baada ya hayo yote, anayetaka zaidi na awe na LED, lakini awe nayo kwa ukamilifu: taa nzima iliyotengenezwa kwa ajili ya LED na kuthibitishwa kwa gari hilo, siyo globu peke yake. Hata Ujerumani, ilipoanza mwaka 2020 kuruhusu globu za LED badala ya halojeni, iliruhusu aina zilizopimwa na kwa magari yaliyotajwa kwenye orodha tu. Hawakusema kila LED ni nzuri, wala hawakusema kila LED ni mbaya. Walisema ipimwe ndani ya taa itakamofungwa.

Hapo tunarudi kwenye lori letu la Rusumo, maana kuna jambo ambalo hakuna fundi mmoja wala nchi moja inayoweza kulimaliza. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia huendesha kulia. Kila siku magari huvuka kutoka desturi moja hadi nyingine: Rusumo, Gatuna, Kobero, Elegu, Kasindi. Mwanga wa dimu si duara. Upande mmoja umekatwa chini ili kumlinda anayekuja, upande wa pili umeinuliwa ili kumulika ukingo wa barabara. Ukivuka mpaka, upande ulioinuliwa unageuka kuwa upande wa anayekuja.

Dawa yake inajulikana. Waingereza wanaovuka kwenda Ufaransa na magari yao hubandika kipande cha utepe usiopitisha mwanga juu ya sehemu ya kioo cha taa inayotoa mwanga ulioinuliwa. Baadhi ya magari yana kibonyezo au mpangilio wa kubadilisha upande. Na taa nyingi zenye alama ya E ndani ya duara hujieleza zenyewe: mshale unaoelekea mkono wa kulia wa mtu anayeitazama taa kwa mbele maana yake imetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, mshale wenye ncha mbili maana yake inafaa pande zote, bila mshale, ni ya nchi zinazoendesha kulia. Mnunuzi wa taa iliyotumika na aisome alama hiyo kabla ya kutoa fedha. Taa iliyotoka Dubai au Ulaya kwa gari la usukani wa kushoto haifai gari litakalotembea Arusha, hata kama linaingia vizuri kwenye tundu lake.

Rai yetu kwa serikali za Jumuiya ni nne.

Mamlaka za viwango katika kila nchi zichunguze globu na seti za taa zinapoingia bandarini. Ni rahisi kuzuia kontena moja Mombasa au Dar es Salaam kuliko kukamata magari elfu moja barabarani. Duka linalouza globu isiyo na alama yoyote ya kuthibitishwa liulizwe kabla ya dereva.

Ukaguzi wa magari, uwe wa lazima kama ulivyo Rwanda, uwe wa magari ya abiria na mizigo, au ule wa stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama nchini Tanzania, upime mwelekeo na nguvu ya taa kwa mashine. Kuangalia kama taa inawaka hakutoshi. Taa inayompofusha mtu nayo inawaka.

Vituo vya pamoja vya mpakani ambako barabara hubadilika upande viwe na mabango ya Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza yanayomkumbusha dereva taa zake, na utepe upatikane hapo hapo. Kadi ya njano ya bima ya COMESA ilituzoesha kwamba bima ya gari inaweza kuvuka mpaka. Utepe wa taa ni mdogo kuliko kadi hiyo, na unazuia kile ambacho kadi inakuja kukilipia baadaye.

Mwisho, kanuni iwe moja. Nchi zetu ziliweza kukaa na kutunga Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013, iliyoweka kikomo cha tani 56 ili kulinda lami. Kama tuliweza kukubaliana kuilinda lami isibonyezwe, hatushindwi kukubaliana kuyalinda macho ya wanaopita juu yake.

Tunaijua hofu ya madereva. Kila kanuni mpya ya barabarani hugeuka, mikononi mwa wachache, kuwa mlango mwingine wa rushwa. Ndiyo maana tunasema kipimo kiwe cha mashine na majibu yake yachapishwe kwenye karatasi, si macho ya askari aliyesimama kando ya njia usiku. Na ndiyo maana tunasema kwa miezi ya mwanzo mwenye kosa arekebishiwe taa, si kutozwa faini. Skrubu inayozungushwa kituoni itaokoa watu wengi kuliko risiti ya faini. Askari huyo huyo asiisahau ile gari ya jicho moja, wala lori lisilo na taa za nyuma. Giza nalo linaua.

Wakati serikali zinatafakari, dereva hahitaji kusubiri kikao chochote. Jioni ya leo anaweza kufuta taa zake kwa kitambaa, kusimama mbele ya ukuta na kuangalia mwanga wake unaangukia wapi. Anaweza kupunguza mwendo ulingane na umbali anaoweza kuona. Na akiona taa za mwenzake kwa mbali, anaweza kushusha fulu kabla ya kuombwa.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ajali ya aina hii inayo kinga, na sehemu kubwa yake ni msasa, waya safi, skrubu na kipande cha utepe.